Amana ya Mgonjwa wa Kewanja

Kamati ya maadhimisho ilituomba tuandike habari za maduka ya kwanza ya wazee wetu katika wilaya za Tarime na Serengeti: nani alitangulia kufika, nani alifungua wapi, na shehena zilipandaje kutoka Musoma. Habari hizo zimekwisha kuandikwa na wengine, tena kwa ufasaha unaotushinda sisi ambao elimu yetu iliishia sekondari na nyuma ya kaunta. Tunaiomba radhi kamati, kwani tumeandika jambo jingine. Tumeandika habari za mtu mmoja wa Kewanja aliyelazwa hospitalini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na jinsi tulivyomtafuta katika karatasi za mbali tusimwone, kisha tukamkuta nyumbani kwetu, ndani ya sanduku la bati, juu ya kabati la marehemu mama yetu.

Mtu huyo hatutamtaja jina. Familia yake imeturuhusu kuandika kila kitu isipokuwa jina na kiasi cha fedha, nasi tumeheshimu ombi hilo. Walio wenyeji wa Kewanja watamjua kabla hawajafika nusu ya makala. Wengine hawana haja ya kumjua.

Jambo lenyewe lilianza pale familia hiyo ilipotakiwa kuorodhesha makaburi ya wazee wake wakati ardhi ya upande wao ilipokuwa ikipimwa. Wasomaji wanajua hali ya Nyamongo: palipo na dhahabu, hata marehemu huulizwa vyeti. Orodha hiyo ikahitaji majina, miaka na maelezo mafupi ya kila mzee. Walipofika kwa babu yao askari, ugomvi wa zamani ukafufuka. Upande mmoja wa ukoo ulisema babu alipigana Burma, akaugua, akalazwa Bara Hindi, akarudi. Upande wa pili ulisema alitoroka jeshi, akajificha, akarudi na hadithi. Hoja yao ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na nguvu: wenzake waliorudi walionyesha makovu ya risasi, yeye hakuwa na kovu hata moja. Alirudi mwembamba, tena mwenye rangi ya manjano, jambo ambalo wengine walilihusisha na uchawi.

Mjukuu wake, ambaye ni mwalimu, alikuja dukani kwetu akatusalimu kwa adabu, kisha akasema, "Mzee, bibi yetu alikuwa akisema kwamba mzee alipokuwa vitani, yeye aliweka fedha kwa Muhindi. Nasikia ninyi mna vitabu vya zamani."

Tulimjibu kwamba vitabu tunavyo, ila hatudhani vina habari za vita. Moyoni tulijua jambo jingine, nalo tutalieleza mahali pake.

Kabla ya kufungua sanduku tulitaka kwanza kumtafuta mgonjwa huyu pale ambapo wagonjwa wa vita hutafutwa. Tulikuwa na mategemeo makubwa, kwa sababu tuliwahi kusoma habari za askari wa Kihindi waliojeruhiwa Ufaransa katika vita vya kwanza. Wengi wao walitibiwa Brighton, Uingereza, ambako kasri la kifalme liligeuzwa kuwa hospitali yao tangu Desemba 1914. Huko kulikuwa na majiko tofauti kwa ajili ya Wahindu na Waislamu, na kila mmoja alihudumiwa kwa kufuata dini yake. Hata Gandhi mwenyewe, alipofika London mwaka 1914, alikusanya kikosi cha Wahindi wa kuhudumia majeruhi. Wahindu na Masingasinga 53 waliofia Brighton walichomwa kwa desturi zetu kwenye kilima kilicho nje ya mji, na pale pakajengwa kibanda cha marumaru kiitwacho Chattri, kilichozinduliwa Februari 1921. Majina yao yote yamechongwa mahali hapo, ingawa hilo lilisubiri hadi mwaka 2010. Tukadhani basi kwamba mgonjwa yeyote wa vita ana karatasi yake mahali fulani.

Hapa kwetu sivyo ilivyokuwa. Katika vita vya kwanza, mapigano yalianza mapema katika pembe hii ya ziwa: Wajerumani walipita huku kwenda Kisii Septemba 1914, na Waingereza wakaiteka Shirati Januari 1915. Mzigo mkubwa wa vita vile katika Afrika ya Mashariki ulibebwa na wapagazi wa Carrier Corps, ambao kambi yao ya Dar es Salaam imetuachia jina la Kariakoo. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Waliowamaliza walikuwa kuhara damu, malaria, kichomi na unga usioiva vizuri. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Zaidi ya hayo, mishahara ya wapagazi wengi waliokufa ilibaki serikalini bila kuchukuliwa, na nchini Kenya madai juu ya fedha hizo yaliendelea hadi miaka ya 1930 bila warithi kulipwa. Tuliposoma habari hiyo tulitikisa kichwa na kuilaumu serikali ya wakoloni. Tunaomba msomaji akumbuke kwamba tulitikisa kichwa.

Katika vita vya pili mambo yalikuwa na utaratibu zaidi. Zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingia jeshini, na Wakurya walijiandikisha kwa wingi katika King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliiita keya. Familia ya Kewanja ilikuwa na alama moja tu ya kutusaidia: mzee alikuwa akisema begani alivaa kichwa cha kifaru. Hiyo ilikuwa nembo ya Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Divisheni hiyo ilikaa Ceylon tangu 1943, na katikati ya mwaka 1944 ikapelekwa mpakani mwa India na Burma. Kuanzia Agosti ilishuka katika Bonde la Kabaw, mvua za masika ya huko zikiwa zimepamba moto, ikiwasukuma Wajapani hadi Kalewa kwenye mto Chindwin, mji uliotekwa mwanzoni mwa Desemba 1944. Waliopita bonde lile wanasema barabara ilikuwa tope linalofika magotini, na magari yalivutwa kwa kamba.

Mpwa wetu anayeishi London alikwenda kwa niaba yetu kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa huko Kew. Shajara za vikosi vilivyopigana Burma zimehifadhiwa chini ya namba WO 172, na za matabibu wa jeshi chini ya WO 177. Alikaa huko siku tatu, akapiga picha mamia ya kurasa, akatuletea. Tulizisoma usiku baada ya kufunga duka. Maafisa hutajwa kwa majina: fulani ameugua, fulani amekwenda likizo. Askari wa kawaida huhesabiwa. Leo wamepokelewa wangapi, wamehamishwa wangapi, wamekufa wangapi. Mzee wetu wa Kewanja yumo humo bila shaka, ndani ya tarakimu mojawapo, lakini tarakimu haina jina la baba.

Tukatafuta pia katika orodha za kumbukumbu za vita. Mnara wa Afrika ya Mashariki ulioko katika makaburi ya vita jijini Nairobi una majina mengi, yakiwemo ya vijana wa Kikosi cha 301 cha mizinga waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ilipopigwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu 1,297 walikufa siku hiyo, wakiwemo wauguzi waliokuwa wakienda kuwahudumia wagonjwa wa namna ya huyu tunayemtafuta. Hao wanajulikana. Lakini orodha zile ni za waliokufa. Aliyeugua akapona hana mnara. Na kama alikuwa askari wa kawaida, hana hata mstari.

Hata hivyo, safari ile ya Kew haikuwa bure. Ilituonyesha kwamba upande uliomshuku mzee ulikosea katika lile jambo la kovu. Jenerali Slim, kamanda wa Jeshi la 14 lililopigana Burma, ameeleza kwamba katika mwaka 1943 kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi. Katika Bonde la Kabaw kulikuwa na malaria, na pia homa kali iletwayo na utitiri wa vichakani, ambayo humlaza mtu wiki kadhaa na haiachi kovu la kuwaonyesha majirani. Ama rangi ya manjano, hiyo haikuwa uchawi wala nyongo. Kila askari alilazimishwa kumeza kila siku kidonge cha mepacrine cha kuzuia malaria, na kidonge hicho huigeuza ngozi kuwa ya manjano kikitumiwa muda mrefu. Jeshi zima lilikuwa na rangi hiyo. Tulipomwambia mwalimu jambo hili, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba bibi yake alimtengenezea mzee dawa za miti miezi mitatu ili kumwondolea rangi ile.

Lakini kueleza kwamba inawezekana aliugua si sawa na kuonyesha kwamba aliugua. Ndipo tukashusha sanduku.

Ndugu zetu wa hekaluni wanajua chopda ni nini. Kwa majirani zetu wasomao hapa tunaeleza: ni madaftari marefu ya hesabu yenye jalada la kitambaa chekundu. Kila mwaka usiku wa Diwali huombewa baraka, na ukurasa wa kwanza huandikwa jina la Ganesh kabla ya kuandikwa hesabu yoyote. Siku inayofuata sikukuu ndipo mwaka wetu wa hesabu huanza. Salio la kila mteja, awe anadaiwa au anadai, huhamishwa kutoka daftari kuukuu kwenda jipya. Babu yetu aliandika kwa mwandiko wa wafanyabiashara wa zamani, ambao mara nyingi huacha irabu. Huo ni mwandiko wa haraka na wa siri, nao unamfaa aujuaye. Lakini andika kwa mwandiko huo majina ya Kikurya, halafu mpe mtu ayasome baada ya miaka karibu themanini! Mwita, Chacha na Marwa ni majina ya nusu ya wilaya, na bila irabu hugeuka mafumbo.

Kwa Mhindu mwenzetu kazi ingekuwa nyepesi zaidi. Huko Gujarat ziko koo za Barot ambazo kazi yao tangu zamani ni kuandika vizazi vya wengine, nao hupita vijijini na madaftari yao wakiandika waliozaliwa na waliokufa. Huko Haridwar makuhani wa mtoni huwa na vitabu ambamo mtu humwona babu wa babu yake pamoja na jina la kijiji. Kwa mzee wa Kewanja hatukuwa na Barot. Tulikuwa na wazee watatu walioketi chini ya mti wakitusaidia kukumbuka: alikuwa rika gani la tohara, esaaro gani, nani walitahiriwa pamoja naye, nani kati yao walikwenda vitani, mkewe alikuwa binti wa nani wa upande wa pili wa mto. Wazee hao hawakuwa na karatasi hata moja, lakini hawakupingana isipokuwa mara moja, na aliyekosea alikubali. Jina la baba wa yule mke ndilo lililotufumbulia fumbo, kwa sababu babu yetu hakuandika jina la askari peke yake. Aliandika "mke wa fulani, binti wa fulani", na majina matatu pamoja hata bila irabu hayana mtu mwingine.

Ukurasa upo katika daftari la Samvat 2000. Akaunti inaitwa anamat. Neno hili la Kigujarati lina asili moja na neno la Kiswahili amana, na maana ni hiyo hiyo: mali ya mtu iliyowekwa kwako, isiyo yako. Mama yule alikuwa akipokea bomani fedha za familia ambazo askari walikatwa katika mshahara, na kila mwezi sehemu yake aliileta kwa babu yetu aitunze. Mara nyingine aliongeza fedha za samli na ngozi. Benki ilikuwa mbali na nyumba ilikuwa ya nyasi. Alikuja kila mwezi kwa miezi mingi. Mara mbili tu alichukua: mara moja gunia la mahindi, mara moja blanketi.

Kisha katika mwaka wa Samvat 2001, mwezi wa Posh, pembeni mwa tarakimu kuna maneno machache kwa mwandiko mdogo: mume yuko hospitalini, Hindustani, barua imesomwa.

Hapo tulifanya kosa, na tunalieleza ili wengine wasilirudie. Tulitoa 57 kutoka 2001 tukapata 1944, tukasema basi ilikuwa Januari 1944. Lakini mwezi huo divisheni ya kifaru ilikuwa bado Ceylon, na hadithi yote ikawa imevunjika. Tukadhani upande wa pili wa ukoo ulikuwa na haki. Mke wetu ndiye aliyetukumbusha kwamba mwaka wetu wa Gujarat huanza baada ya Diwali. Kwa miezi ya kati ya Diwali na mwisho wa Desemba hutolewa 57, na kuanzia Januari hutolewa 56. Posh ya Samvat 2001 ni Desemba 1944 kuingia Januari 1945. Askari aliyeugua Kabaw kati ya Septemba na Novemba, akapelekwa nyuma hadi hospitali za India, akaandikiwa barua na karani, barua ikapita Mombasa na ziwani hadi bomani, ikasomwa dukani kwa sababu mama hakujua kusoma: miezi miwili au mitatu ndiyo hasa inayotakiwa. Hivyo nyaraka zote za himaya hazikumwandika mgonjwa huyu kwa jina, naye aliandikwa na muuza duka aliyetaka tu kukumbuka kwa nini mteja wake alilia siku ile.

Tungependa makala yaishie hapa. Yangekuwa makala mazuri ya sherehe.

Katika nyumba yetu, tangu utoto, tulisikia kwamba babu yetu alikuwa na mteja wa Kewanja aliyekuwa rafiki yake, aliyerudi kutoka vitani akijua maneno ya Kihindustani. Alikuwa akiingia dukani akisema "Ram Ram" kabla ya mtu yeyote, na babu akimwita aketi ndani, akimuuliza habari za India, kwani yeye aliondoka Gujarat akiwa kijana na hakupata kurudi tena. Mkurya yule aliiona India ambayo babu hakuiona. Halafu, tulisimuliwa, mtu yule aliacha kuja. Akawa anapita mbele ya duka kwenda kwa mwingine. Nasi tulielezwa sababu: alikuwa na deni kwetu, akaona haya. Bibi yetu aliisimulia hivyo, na baba yetu hivyo hivyo. Sisi pia tuliwasimulia watoto wetu. Hilo ndilo tulilolijua moyoni siku mwalimu alipokuja: tulidhani tutafungua daftari na kumwonyesha deni la babu yake, na tukaona vibaya kumwaibisha.

Daftari halina deni lake. Lina salio la amana yake. Salio hilo limehamishwa kutoka Samvat 2000 kwenda 2001, na kutoka 2001 kwenda 2002. Katika daftari la Samvat 2003, lililofunguliwa baada ya Diwali ya Oktoba 1946, mstari huo haupo. Tulitafuta katika kurasa zote. Tulitafuta katika daftari la fedha taslimu la mwaka 2002, siku kwa siku, tuone kama zililipwa. Hazikulipwa. Askari wenyewe walikuwa wakirejea makwao katika mwaka huo wa 1946. Alirudi, akaenda kuulizia amana ya mkewe, na katika kitabu kipya haikuwemo.

Tulijaribu kutafuta maelezo. Huenda alilipwa kwa bidhaa bila kuandikwa. Lakini babu yetu aliandika hata sindano. Huenda karani alisahau kuhamisha. Katika maduka mengi alikuwapo mehtaji wa kuandika, na ingekuwa rahisi kumtwika yeye, kwani amekwisha kufa na hana wa kumtetea. Lakini ukurasa wa salio wa Samvat 2003 ni mwandiko wa babu mwenyewe. Tunaujua kama tunavyoujua uso wake katika picha. Alikuwa mtu wa sala, na kwa miaka mingi watu wa hapa walimwamini na fedha zao. Hayo ni kweli, na mstari ule haupo, na hilo pia ni kweli.

Ndugu mmoja katika ukoo wetu alitushauri tutoe nakala ya ukurasa wa Posh tu, unaotaja hospitali, tumpe mwalimu, basi. Alisema heshima ya mgonjwa itakuwa imesafishwa na heshima ya babu itakuwa salama. Tunamheshimu, lakini kurasa za daftari zimeshonwa kwa uzi mmoja.

Tulikwenda Kewanja siku ya Jumapili na daftari zote nne, tukiwa na kijana wetu mkubwa. Tulipokelewa na mtoto wa kwanza wa marehemu, mzee ambaye alikuwa bado akitambaa baba yake alipoondoka. Tulimpa shikamoo tukaketi. Tulisoma kila mstari kwa Kigujarati, kisha kwa Kiswahili, na mwalimu akawatafsiria wazee kwa Kikurya. Ilichukua saa nzima, kwa sababu tulisoma kila mwezi aliokuja mama yule, hata pale ambapo hapakuwa na jambo ila tarakimu. Tulipofika kwenye barua ya hospitali, mzee alitusimamisha. Akataka tusome mara ya pili. Kisha akamwambia mmoja wa wazee wa upande wa pili wa ukoo, kwa Kiswahili ili nasi tusikie, "Umesikia? Hospitalini."

Tukaendelea hadi Samvat 2002, kisha tukafungua 2003, tukamwonyesha mahali ambapo jina la mama yake lilipaswa kuwapo. Tukasema tunaomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu, na kwamba miaka yote hii tulimsema baba yake kuwa mdaiwa.

Mzee alikaa kimya. Halafu akatuambia jambo ambalo hakuna daftari lingeweza kutuambia. Fedha zile zilikuwa za ng'ombe. Kwa bei zilizoandikwa katika daftari lile lile zingenunua ng'ombe wawili na chenji kubaki. Baba yake alikusudia kuzigeuza mifugo mara arudipo, ili mwanawe akifika umri wa kuoa pawe na mwanzo wa mahari. Hapakuwa na mwanzo. Yeye mwenyewe alingoja hadi dada yake mdogo alipoolewa, ndipo ng'ombe wa dada wakamwolea mke. Na dada huyo aliolewa mapema kuliko alivyotaka. "Dada yangu hakusoma," alisema. "Alikuwa darasa la tatu."

Hatukuwa na la kujibu. Kwa Kigujarati babu mzaa baba huitwa dada, na majirani zetu wamekuwa wakilichekea neno hilo tangu tukiwa watoto. Siku ile lilipotajwa mara kwa mara, tulikuwa tukisikia maneno mawili kwa wakati mmoja.

Kuhusu malipo tulikuwa tumeandaa hesabu ya riba kwa kalamu, kama wafanyabiashara. Mzee aliitazama karatasi akaiweka chini ya kiti. Akasema amana ilikuwa ya ng'ombe, basi irudi ng'ombe. Kijana mmoja akauliza kama ng'ombe wawili wa mwaka 1946 wangekuwa wamezaa wangapi hadi leo, na hapo ndipo watu wote walipocheka, nasi pia, kwa sababu kundi hilo lingejaza bonde lote hadi mtoni. Wazee walijadiliana pembeni, wakarudi na idadi, ambayo haikuwa kubwa. Tuliikubali bila kupunguza hata mmoja. Ng'ombe hao wamekwisha kupelekwa. Nusu wamekwenda kwa yule dada, ambaye yu hai na amepata wajukuu wengi.

Mzee aliomba mambo mawili zaidi: nakala ya kurasa zote, ule wa hospitali na ule usio na mstari, ili ziwekwe pamoja na orodha ya makaburi; na kwamba tuandike habari hii mahali ambapo watu wataisoma. Tulimwambia kwamba hekalu letu linaandaa kitabu cha maadhimisho. Akauliza kama kitasomwa na Wahindi pia. Tukamjibu kwamba kitasomwa na wao hasa. Akasema, "Basi hapo."

Daftari la Samvat 2001 litakuwa wazi ukumbini mwa hekalu kwa siku zote za maadhimisho, kwenye ukurasa wa mwezi wa Posh, pamoja na tafsiri ya Kiswahili. Tunazisihi familia nyingine za Tarime, Musoma na Mugumu ambazo bado zina chopda za wazee zisizitupe mtoni wala kuziuza kwa wafunga karanga. Na majirani ambao bibi zao walikuwa wakiweka fedha kwa Muhindi wakati wa vita, waje na jina la bibi, la baba yake na la mumewe. Sisi tutakuwa pale kila jioni baada ya aarti, tukiwa na miwani. Katika sanduku letu mna madaftari kumi na moja, na hadi tunaandika haya tumesoma manne.